Mabuji Chini ya Kinu

Zakaria aliisikia ile gari kabla ya kuiona, na moyo ukamshuka.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo uwanjani kwake, anasafisha kabireta ya pikipiki ya mtu mmoja wa Lusangi. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, jua limekwisha kuwa kali, vumbi limelala. Mlio ukatokea upande wa shule: pu, pu, pu, halafu kimya kidogo. Pu, pu, pu, kimya. Fundi yeyote angesema hapo silinda moja imekufa, zinafanya kazi tatu. Zakaria naye alilijua hilo. Lakini masikio yake yalisikia kitu kingine, kitu alichokuwa akikisikia miaka ishirini na mitatu, kanisani, shambani, hata akinyoa ndevu. Alisikia jembe likipiga udongo mara tatu mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Msimcheke. Mtu ana haki ya kuogopa mlio wa gari akiwa na sababu, na huyu alikuwa nayo. Nitaisema sasa hivi, maana mimi sipendi hadithi inayomficha mtu jambo kama mwenyeji anayeficha nyama chini ya bugali.

Wakati wa vita, kwenye barabara inayotoka Kasongo kuja huku upande wa Wamaza, wenye magari walikuwa na desturi moja. Bunduki zikisikika, unafungua kifuniko cha moteri, unatoa mabuji yote, zile plagi zinazowasha moto ndani ya injini, unakwenda kuyafukia. Gari bila buji haliwaki hata ulisukume mpaka Tanganyika. Mwenye bunduki atalipiga teke, atamtukana mama yako, atakwenda zake. Na desturi hiyo ilikuwa na sharti lake: mtu mmoja tu ndiye anayejua mahali. Si kwamba watu hawakuaminiana. Ni kwamba asiyejua, hata akipigwa viboko mpaka jioni, hana la kutoa.

Gari lenyewe lilikuwa jeep ya Emile, mume wa Julienne, na Julienne alikuwa dada mkubwa wa Zakaria, yaya wake wa tumbo moja. Emile alikuwa akinunua mawese na mchele, na vita ilimkuta Kindu, njia zikafungwa. Akabaki kule. Huku nyuma kukabaki jeep, mke mwenye mimba ya miezi minane, na shemeji wa miaka ishirini na saba aliyekuwa anajifunza kazi ya moteri. Katika kijiji kizima, aliyejua kuendesha ni Zakaria peke yake.

Bunduki ziliposikika, Zakaria alitoa mabuji manne, akayafunga kwenye kipande cha gunia, akayatia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Julienne alikuwa amekwenda kuchota maji. Zakaria akaingia jikoni kwake, akasukuma kinu pembeni, akachimba, akafukia, akarudisha kinu mahali pake. Hakuna aliyemwona. Ndivyo alivyoamini.

Siku ya tatu, alfajiri, Julienne akajifungua mtoto wa kike mikononi mwa Mama Cécilia, mwanamke wa nyumba ya jirani. Mtoto alilia vizuri. Damu ya mama haikukata. Kituo cha afya kilikuwa kimeporwa mpaka milango, daktari wa karibu alikuwa Kasongo, na kwa jeep Kasongo ilikuwa mwendo wa saa nne. Mama Cécilia akatoka nje, mikono imeloa, akapaza sauti: "Zakaria! Leta mabuji!"

Sasa sikieni vizuri. Siku moja kabla, watu waliokimbia kutoka Kamilanga, kile kijito kinachokata barabara ya Kasongo, walisema wameona lori likiungua na dereva wake ndani. Moshi wake Zakaria aliuona kwa macho. Na yeye ndiye dereva. Hofu ikamkamata. Akachukua jembe, akaenda kwenye mndimu, akachimba. "Haiko hapa," akasema. Akaenda nyuma ya kibanda cha kuku, akachimba. Haiko. Akaenda karibu na choo, akachimba shimo la tatu, jasho linamtoka, machozi yanamtoka, na machozi yalikuwa ya kweli. "Sikumbuki," akasema. "Mungu wangu, sikumbuki tena."

Julienne alikuwa amelazwa kwenye mkeka mlangoni, anamtazama. Alisema kwa sauti ndogo: "Mumuache. Asichoke bure. Tuende na miguu."

Wakamweka kwenye tipoyi, kiti chenye miti miwili, wanaume wanne mabegani. Mti wa mbele, upande wa kushoto, ulibebwa na Zakaria. Njia yote hawakukuta mtu mwenye bunduki hata mmoja. Kule Kamilanga lori lilikuwa limekwisha poa, kunguru wamesimama juu yake. Walikwenda pole pole, wakimshusha kila damu ilipozidi, na walipofika ukingoni, saa kumi na moja ya jioni, Zakaria alisikia mzigo ukibadilika uzito begani. Julienne alikufa kabla maji hayajagusa miguu ya wale waliombeba.

Hilo ndilo alilokuwa nalo. Hakuna aliyejua. Emile aliporudi baada ya miezi, alimkumbatia, akamwambia vita imewapotezea watu wote akili, wewe usijilaumu, shemeji. Akamwachia hata ufunguo wake wa kufungulia buji, zawadi. Angekuwa amempiga panga, Zakaria angelala vizuri zaidi. Emile akamchukua mtoto, akahamia Kasongo, akapata mabuji mengine, na lile jambo likawa mzaha wa ukoo: mtu akisahau chumvi sokoni, wanamwambia umeifukia na mabuji ya Zakaria. Zakaria alicheka pamoja nao. Victoire, mke wake, alimvumilia miaka sita, akarudi kwao, akisema hawezi kulala na mwanaume anayechimba usingizini.

Na mkebe? Ulibaki pale pale. Kuutoa kungekuwa kusema alijua. Jiko lilianguka, mafiga yakabaki, kinu kikabaki kimesimama peke yake, mchwa wamekila upande mmoja, kwa sababu Zakaria alikataza mtu asikiguse kinu cha marehemu. Alipalilia kukizunguka. Alipita hapo kila siku akienda kuchota maji, na kila siku aliangalia upande mwingine. Barabara ya Kasongo pia hakuipita tena mpaka mwisho. Akijaribu pikipiki ya mtu, aligeuzia juu ya mteremko wa Kamilanga, asiteremke.

Basi, jeep ikaingia uwanjani, ikatetemeka, ikazima. Akashuka Emmanuella.

Huyo ndiye yule mtoto aliyelia vizuri. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu sasa, mkunga kwenye wodi ya wazazi kule Kasongo, mrefu, mwenye mdomo usiopumzika. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliopita, akamwachia jeep. Yeye akasema jambo la kwanza atakalofanya ni kujenga tena kwenye kiwanja cha mama yake. Alikuwa kijijini siku ya nne, na waashi wawili. Zakaria alimpenda kuliko kitu chochote duniani, na kila alipomtazama usoni alimwona aliyelala mlangoni. Vitu hivyo viwili viliishi pamoja ndani yake wala havikupatana.

"Mujomba, hii gari yako iko inanitesa!" Emmanuella akasema kabla hata ya salamu. Halafu akakumbuka, akapiga goti kidogo. "Umeamkaje, mujomba?"

"Nimeamuka, mutoto wangu. Gari si yangu, ni yako."

"Ikiwa mgonjwa ni yako. Jana nilienda kuleta mchanga Kamilanga, ikazima palepale kwenye maji. Wakati nakuja kutoka Kasongo ilizima palepale. Unajua wanasema nini, wale watu wa pale?"

"Sijui."

"Unajua sana. Wanasema mama anaomba apandishwe."

Alisema akicheka, lakini kicheko kilimalizika mapema. Zakaria akajifuta mikono, akaeleza. Gari ikiingia majini, maji yanaruka mpaka kwenye moteri, na buji yenye ufa ikiguswa na maji, cheche yake inakimbilia pembeni, silinda inakufa. Ndiyo maana inazima hapo. Alieleza vizuri kabisa. Mtu angefikiri anayaamini maneno yake.

Akafungua kifuniko. "Washa."

Jeep ikawaka kwa shida, pu, pu, pu, kimya. Zakaria akachukua kitambaa kikavu, akachomoa waya ya buji ya kwanza. Mlio ukalegea, hiyo nzima. Akairudisha. Ya pili, mlio ukalegea. Ya tatu, vilevile. Akachomoa ya nne, na hakuna kilichobadilika, kama kumwita mtu asiyekuwepo. "Ni hii," akasema. "Zima."

Alizitoa zote kwa ule ufunguo wa Emile, akazipanga juu ya gunia kwa utaratibu wao. Fundi wa kweli haangalii buji moja, anaangalia nne, maana kila moja inasema silinda yake imekula nini. Tatu zilikuwa na rangi ya karanga iliyokaangwa, afya tupu. Ya nne ilikuwa nyeusi, imelowa esanse, ile petroli isiyoungua, na ile kauri yake nyeupe ilikuwa na ufa toka juu mpaka chini.

"Hii imekufa zamani," akasema.

"Weka ingine, basi."

"Nitoe wapi? Hapa kuna buji za pikipiki tu. Ni fupi, hazifai. Inabidi mutu apande pikipiki mpaka Kasongo."

"Na mimi kesho asubuhi naingia kazini." Emmanuella akashika kiuno. Halafu uso ukamfunguka, akapiga makofi mara moja. "Eh! Ngoja, ngoja kwanza. Mujomba, leo utanipa mbuzi."

Akaenda nyuma ya gari, akafungua mlango, akarudi na kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Udongo bado ulikuwa mbichi juu yake. Zakaria alijua kabla jani halijafunguka. Akakaa kwenye ndoo.

"Uliwaambia waashi wasichimbe jikoni kuna nyoka," Emmanuella akasema. "Mimi nikawaambia chimbeni, nyoka na mimi tutaongea. Asubuhi hii wakatoa kinu, wakachimba. Hakuna nyoka, mujomba! Kuna hii!" Akautikisa ule mkebe. Ndani kitu kikagonga kwa uzito. "Miaka yote tunaambiwa ulichimba kwenye mndimu, kumbe iko chini ya kinu! Papa angecheka mpaka aanguke. Kumbe ulisahau kweli kweli!"

"Ulifungua?"

"Sikufungua. Nikasema wewe ulifunga, wewe ufungue."

Alimwekea mkebe magotini. Ulikuwa mwepesi, mkebe wa maziwa tu, na Zakaria aliuhisi begani, upande wa kushoto.

Akapumua. Akajiambia, tulia, wewe mzee mjinga, hakuna kilichoharibika. Mtoto mwenyewe amekwisha kukupa jibu: ulisahau. Gunia lile halikuwa na mafuta, na ardhi ile ni ya unyevu, kwa hiyo ndani mtakuta kutu tupu. Utasema haya yamekufa, utayatupa shimoni, mtacheka, na mambo yataisha leo leo. Miaka ishirini na mitatu itaisha leo. Akachukua bisibisi, akauzungusha ukingo wa kifuniko pole pole, kutu ikadondoka magotini kwake. Kifuniko kikaachia wakati Emmanuella amerudi nyuma ya jeep kufunga mlango.

Harufu ya mawese ikatoka.

Zakaria hakuelewa. Aliinamia mkebe akanusa tena, mawese ya zamani, makali puani. Ndani hapakuwa na gunia. Palikuwa na kitambaa, kimekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe, kimeloweshwa mafuta yakaganda. Akakitoa kwa vidole viwili, akakifungua. Chini ya mafuta rangi ilikuwa bado inaonekana: manjano, na ndege wa kijani. Katikati ya kitambaa mabuji manne yalikuwa yamelala yanang'aa, bila doa la kutu, kama yametoka dukani asubuhi ile.

Alikijua kile kikwembe, kitenge cha kujifunga. Julienne alizikwa nacho. Siku ya mazishi wanawake waliona pembe moja imechanwa, wakaulizana nani amekichana kikwembe cha mtu, hakuna aliyejibu, wakamviringishia hivyohivyo.

Someni kitambaa hicho polepole, kama Zakaria alivyosoma. Gunia alilitia yeye. Kitambaa hakukitia yeye. Emile alikuwa na tabia, kila mvua zikikaribia, ya kufunga vyuma vyake kwenye kitambaa chenye mawese visile kutu, na mkewe alikuwa akimsaidia. Kwa hiyo Julienne, aliporudi na maji, alimwona Zakaria akifukia. Katika zile siku mbili, na tumbo lile, aliinama, akasukuma kinu, akafukua mkebe, akaona mdogo wake amefunga mabuji ovyo ovyo, akachana kikwembe chake, akayafunga inavyofaa, akafukia tena, akarudisha kinu. Hakumwambia, kwa sababu sharti ni mtu mmoja tu anajua, na hakutaka kumtia mdogo wake wasiwasi. Kisha siku ya tatu akalala mlangoni, anatoka damu, anamtazama mdogo wake akichimba kwenye mndimu.

Mumuache. Asichoke bure.

Zakaria akatoa sauti. Haikuwa neno.

"Mujomba? Vumbi imekuingia?"

"Niletee maji," akasema.

Emmanuella akaenda kwenye mtungi, nyuma ya nyumba. Kando ya Zakaria palikuwa na mbabula yenye makaa, aliyowasha kwa ajili ya kulehemu waya. Kitambaa kilichoshiba mafuta kingeungua kabla hujamaliza kusema amina. Nani angeuliza? Hakuna aliyekiona. Sitasema uongo, aliyarudisha mabuji mkebeni, na mkono wenye kitambaa ulikwenda. Ulikwenda mpaka juu ya makaa, na joto likapanda kwenye vidole, na tone moja la mawese likayeyuka, likaanguka, likalia chwaa.

Hapo akahisi anatazamwa. Hakugeuka. Aliyekuwa akimtazama alikuwa upande wa mlangoni, chini, kwenye kimo cha mtu aliyelala mkekani, na hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, vilevile kama siku ile, aone kama mdogo wake atachimba mahali pengine tena. Zakaria akaurudisha mkono. Hofu ilikuwa palepale, ileile, haijazeeka hata siku moja.

Emmanuella akarudi na kikombe. "Eh, kitambaa kizuri! Ulikitoa wapi?"

Uongo ulikuwa umekwisha fika kwenye ulimi: niliokota. Neno moja tu.

"Sikukitia mimi," Zakaria akasema.

"Kivipi?"

"Mimi nilitia gunia. Hii ni kikwembe cha mama yako. Alichana mwenyewe. Alifungua mukebe nyuma yangu, akafunga mabuji vizuri, akarudisha."

Emmanuella akatabasamu, tabasamu la mtu anayepewa zawadi. Akakigusa kitambaa. Halafu tabasamu likaanza kupungua, polepole, kwa sababu alikuwa na akili, na akili haingoji ruhusa.

"Basi mama alijua mahali."

"Alijua."

"Na hakusema."

"Hakusema."

"Ju ya nini hakusema? Wewe ulisahau, yeye alijua, na ni yeye alikuwa anatoka damu. Ju ya nini asiseme, mujomba?"

Zakaria akaweka mkebe chini. Akasimama, maana aliona jambo hili halisemwi mtu akiwa amekaa. "Kwa sababu mimi sikusahau," akasema. "Nilijua. Nilichimba kwenye mndimu nikijua haiko. Kwenye kibanda cha kuku nikijua haiko. Niliogopa Kamilanga. Niliogopa wataniunguza ndani ya gari. Nilisema sikumbuki. Yeye alikuwa ananiona."

Kuku wa jirani alipita katikati yao, akadonoa, akaenda. Emmanuella hakulia. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ya kazini, sauti anayowaulizia ndugu wa mgonjwa.

"Kwa gari mpaka Kasongo, wakati ule. Masaa mangapi?"

"Masaa manne. Matano kama maji mengi."

"Na damu ilianza?"

"Alfajiri."

"Akafa?"

"Saa kumi na moja jioni."

Alihesabu. Zakaria alimwona akihesabu, na akatamani aanguke hapo alipo afe. "Wiki iliyopita," Emmanuella akasema, "tulipokea mwanamke ametoka damu saa sita nzima, amebebwa kwa pikipiki. Tulimwekea serumu, tukampa damu. Iko nyumbani. Iko ananyonyesha."

"Ndiyo."

"Angefika, mujomba."

"Angefika."

"Na njiani? Mulikuta watu?"

"Hatukukuta mutu."

Hapo ndipo sauti ya kazini ilipovunjika. Akaketi chini kwenye vumbi, miguu mbele, kama mtoto. "Alikuwa na mimi," akasema. "Nilikuwa na masaa machache tu duniani, niko kwenye mikono ya Mama Cécilia, nalia. Angesema neno moja, chini ya kinu, basi. Neno moja. Alituangalia sisi wawili, akakuchagua wewe."

Namshukuru Zakaria kwamba hakutafuta udhuru. Hakusema nisamehe. Hakusema ilikuwa vita. Alisimama mikono imening'inia, mawese yanamdondoka vidoleni, akilia mdomo wazi mbele ya mtoto wa dada yake. Pikipiki ilipita barabarani, mwenyewe akapiga honi ya salamu, hakuna aliyemwitikia.

Kisha Emmanuella akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, akasimama, akachukua kile kitambaa, akakikunja pembe juu ya pembe, kama kilivyokuwa.

"Tia mabuji," akasema.

"Emmanuella..."

"Tia mabuji, mujomba. Ni mazima. Aliyatunza vizuri."

Zakaria akayaosha kwa esanse, moja moja, akayasugua kwa brashi ya waya, akapima nafasi ya cheche ya kila moja kwa kipande cha msumeno, kama Emile alivyomfundisha. Emmanuella akawa anampa moja baada ya nyingine. Buji hukazwa kwa vidole kwanza, haikazwi kwa ufunguo mpaka uhisi uzi umeshika, la sivyo unaharibu kichwa cha moteri. Alikaza kwa vidole. Yalishika yote manne. Akarudisha nyaya.

Jeep ikawaka mara moja. Mlio wake ulikuwa umejaa, moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne, bila pengo popote. Zakaria alikuwa hajausikia mlio huo kwenye gari ile tangu ujana wake, na nywele zilimsimama.

Alidhani Emmanuella ataingia kwenye usukani aondoke, asirudi tena, na alikuwa amekwisha kubali. Emmanuella alizunguka nyuma. Akatoa ndoo za mchanga, akatandika mkeka kwenye kiti kirefu cha nyuma, akapanda, akakaa, kitambaa magotini.

"Panda mbele," akasema. "Wewe ndiye dereva."

"Wapi?"

"Unipeleke Kasongo."

"Emmanuella, mimi njia ile, toka siku ile, sijapita..."

"Najua. Nipeleke Kasongo, mujomba."

Hakufunga nyumba. Hakuchukua shati. Pikipiki ya mtu wa Lusangi ilibaki imefumuliwa uwanjani. Alipanda, akaingiza gia, na walipopita kwenye kiwanja cha Julienne waashi walipunga mikono. Kinu kilikuwa kimelazwa pembeni. Barabara ile, kwa gari, ilikuwa mbaya kuliko alivyoizoea kwa pikipiki, majani yameila pande zote, imebaki njia ya pikipiki na watu wa miguu. Jeep ilikuwa inapasua majani kwa kifua. Aliogopa kutazama kioo, kwa sababu hakuwa na hakika ataona watu wangapi.

Juu ya mteremko wa Kamilanga, pale alipozoea kugeuza pikipiki, mguu wake ulikanyaga breki wenyewe. Chini maji yalikuwa yanametameta, machache, ya kiangazi. Lile lori lilikuwa limekwisha katwakatwa na watu wa vyuma, limebaki doa la kutu kwenye mchanga.

Akateremka. Magurudumu yakaingia majini. Maji yakaruka, yakapiga chini ya moteri, shaa, na Zakaria akakaza meno akisubiri ule ukimya. Nitasema kweli, kwa nusu ya moyo wake aliutaka. Gari ikizima hapa angejua Julienne amemkatalia, na yote yangekuwa yamekwisha, angebaki ukingoni kama siku zote. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Moteri haikukosa hata pigo moja. Wakatoka majini, wakapanda mchanga wa ng'ambo, ng'ambo ambako hakuwahi kuifikisha tipoyi.

Akasimamisha gari, akaegemeza kichwa kwenye usukani, mabega yakawa yanacheza. Moteri ikaendelea kunguruma. Kutoka nyuma, mkono ukaja ukamgusa begani, upande wa kushoto.

"Usisimame, mujomba," Emmanuella akasema. "Mama hajafika."

Zakaria akaingiza gia, wakaendelea na njia ya Kasongo.